Kuweza na Kuomba kwa Kiingereza: Ushauri kwa Wanaoanza, Kutoka Lango la Sigi

Kitenzi kidogo "can" cha Kiingereza hubeba mizigo ambayo Kiswahili kimeigawa kwa maneno kadhaa. Hubeba uwezo, kama -weza, hubeba ujuzi, kama -jua, hubeba ruhusa, na kikigeuzwa kuwa swali, hubeba ombi la adabu ambalo kwa Kiswahili lingeanza na naomba. Mwenzake "could" hufanya kazi hizo hizo kwa upole zaidi, na pia husimulia uwezo wa zamani. Anayeanza kujifunza Kiingereza hana haja ya kukusanya maneno mengi kabla ya kufungua mdomo mbele ya mgeni. Akivishika vitenzi hivi viwili, akajua "please" inakaa wapi na majibu yanatolewaje, anaweza kumpokea mgeni langoni, kumtembeza na kumuaga.

Sigi ni mahali ambapo haja hiyo huonekana wazi. Iko chini ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kando ya mto wenye jina hilo hilo unaoteremka kwenda kuwanywesha watu wa Tanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni, ikaishia hapo. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama, na leo ni kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Wanaopita lango hilo hufuata ndege, vinyonga, mbega, na lile ua dogo la urujuani la Usambara ambalo siku hizi hupandwa vyunguni katika madirisha ya nchi nyingi. Wanaowapokea ni waongoza watalii, wapishi, madereva wa bodaboda, na akina mama wenye iliki na mdalasini. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu, na nyumbani huzungumza Kisambaa au Kibondei. Kwao Kiingereza ni lugha ya tatu. Makosa wanayofanya hayatokani na uzito wa akili. Mengi hutoka kwenye Kiswahili chenyewe, lugha iliyopanga mambo yake vizuri lakini kwa njia nyingine, na ndiyo maana njia ya haraka ya kujifunza ni kutazama pale ambapo lugha hizi mbili zinaachana.

Zinaachana mara ya kwanza kwenye ku-. Kiswahili husema naweza kupika, na ku- hiyo haiondoki. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ku- ni "to" huishia kusema "I can to cook". Baada ya "can", kitenzi huja kitupu, bila "to": "I can cook", "I can carry your bag", "I can show you the waterfall". Dawa ni kukariri "can" na kitenzi chake kana kwamba ni neno moja, bila kutafsiri silabi kwa silabi. Tena "can" haibadiliki kwa nafsi. Kiingereza huongeza "s" anapotajwa mtu wa tatu, "she cooks", lakini "can" haiongezwi kitu, wala kitenzi kinachoifuata hakiongezwi: "she can cook". Kwa mtu aliyekulia katika ni-, u-, a-, tu-, m- na wa-, hii ni nafuu kubwa. Sharti lake ni kwamba mtendaji lazima atajwe kila mara, kwa kuwa "can cook" peke yake haisemi ni nani.

Kukanusha ni "cannot", ambayo huandikwa neno moja, au "can't" katika mazungumzo. Sarufi yake ni nyepesi. Matamshi ndiyo yanayoleta hasara. Mswahili hutamka kila irabu ikasikika wazi. Mwingereza, anaposema "I can go", huimeza irabu ya "can" mpaka inabaki kama "kn", na uzito wote huangukia "go". Anaposema "I can't go" huivuta, "kaant", na mara nyingi "t" ya mwisho humezwa. Maana yake ni kwamba sikio la msikilizaji halingoji "t" ili litambue kanusho. Linapima urefu na mkazo. Mwongoza watalii anayetamka "I can take you to Mbomole" huku akiikandamiza "can" kwa nguvu zote anaweza kueleweka kwamba anakataa safari ambayo kwa kweli anaikubali. Wageni wa Marekani huzidisha ugumu, kwa sababu wao hawaivuti. "Can't" yao ina irabu fupi iliyo karibu sana na ya "can". Njia salama ni hii: kukubali kutamkwe kwa wepesi, mkazo ukiwekwa kwenye kitenzi kinachofuata, na kukanusha kutamkwe kwa ukamilifu, "cannot", silabi zote mbili. Hakuna mgeni atakayeona kasoro katika "cannot". Na kwenye njia yenye utelezi, tofauti kati ya kupitika na kutopitika haifai kuachiwa herufi moja.

Kuuliza ni kubadilisha nafasi. Kiswahili huuliza kwa sauti au kwa je, na maneno hubaki mahali pake. Kiingereza huitanguliza "can": "You can swim" ni habari, "Can you swim?" ni swali. Anayesema "You can swim?" ataeleweka, lakini atasikika kama mtu aliyeshangaa. Jibu la kawaida ni "Yes, I can" au "No, I can't".

Hapa kwenye kujibu panahitaji subira, kwa sababu lugha hizi mbili hukubali na kukataa kwa mantiki tofauti. Mgeni akiuliza kwa kukanusha, "Can't we drive to the top?", mwenyeji anayejua kwamba gari halifiki atajibu "Yes". Kwa Kiswahili amesema kweli: Hatuwezi kufika juu na gari? Ndiyo, hamwezi. Ndiyo ya Kiswahili huitikia maneno ya muulizaji. "Yes" ya Kiingereza huitikia jambo lenyewe: likiwezekana ni "yes", lisipowezekana ni "no", hata kama swali lilikuja kwa kukanusha. Jibu la hapo, basi, ni "No, you can't". Mgeni aliyeambiwa "yes" hurudi garini na kuwasha injini. Watu wawili wenye nia njema hupishana hivyo, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amegeuza kauli. Kinga ni kutoiacha "yes" wala "no" isimame peke yake. Mwenyeji aseme "No, cars can't go up. We can walk." Na ikiwa swali limemchanganya kabisa, aliache neno la kuitikia, ataje jambo lilivyo: "Cars cannot go up."

Kuna sentensi ambamo Kiswahili hakitumii -weza hata kidogo, lakini Kiingereza huhitaji "can". Ujuzi ni mojawapo. Mtu husema anajua kuogelea, anajua kuendesha pikipiki. "I know to swim" si Kiingereza. Husemwa "I can swim", "I can ride a motorbike". Lugha nazo ni hivyo hivyo: "I can speak a little English" ni sentensi nzuri ya kwanza kwa mtu yeyote, tena ina unyenyekevu ndani yake. Wapo wanaosema nasikia Kisambaa wakimaanisha kwamba wanakielewa. "I hear Shambaa" itamfanya mgeni atege sikio akitafuta anayezungumza. Mtu wa Tanga aliyehamia milimani atasema "I can understand Shambaa, but I can't speak it".

Macho na masikio ni eneo lingine, na kwa mwongoza watalii ndilo lenye faida kuliko yote. Juu ya mti kuna mbega mwenye manyoya meupe mabegani. Kiswahili huuliza: unamwona? Darasani -na- hufundishwa kuwa "are" pamoja na "ing", hivyo kijana huuliza "Are you seeing it?" Mwingereza haulizi hivyo. Husema "Can you see it?", na mgeni akishampata kwa darubini hujibu "Yes, I can see it now". Sauti ya ndege vilevile: "Can you hear that bird?" Anayewatembeza watazama ndege kati ya Sigi na Amani atayatumia maswali haya mawili mara nyingi kuliko jina la ndege yeyote, kwa hiyo inafaa ayazoeshe ulimi mapema, kabla ya orodha ndefu za spishi.

Kisha kuna -ik- na -ek-: njia inapitika, maji yananyweka, jani hili linalika. Kiambishi hicho kimoja humficha mtendaji, na ni moja ya hazina za Kiswahili. Kiingereza cha kila siku humwingiza "you" asiyekuwa mtu maalumu: "You can walk here in the dry season", "You can eat this leaf". Ni muhimu kulitambua hili wakati wa kusikiliza pia. Mwenyeji akiulizwa "Can you drink this water?" hajaulizwa habari zake binafsi. Ameulizwa kama maji yananyweka, na mgeni ambaye tumbo lake halijazoea maji ya kijito anahitaji jibu la kweli: "We can, but you should drink bottled water."

Kinyume chake, -weza ina maana moja isiyoingia kabisa katika "can". Mtu aliyelala na homa husema siwezi, na jirani huambiwa kwamba fulani hawezi. Dereva aliyeugua akimwambia mgeni "I can't", bila kitenzi kingine, humwacha mgeni akingoja mwisho wa sentensi. Ugonjwa husemwa "I'm not well", au kwa mwingine, "He's ill".

Kuhusu wakati hakuna mengi. "Can" haina wakati ujao, kwa hiyo "I will can" haipo. Husemwa "I will be able to", kama katika "Tomorrow you will be able to see the sea". Uwezo wa zamani uliodumu ni "could": "When I was young, I could walk to Muheza and back". Tendo moja lililofanikiwa jana halisemwi kwa "could". Waingereza husema "we managed to see the owl" au "we were able to see the owl". Anayeanza hana sababu ya kuhangaika na tofauti hiyo. "We saw the owl" inatosha, na ni sahihi.

Ombi linataka uangalifu wa aina nyingine. Kosa la uwezo huonekana kuwa kosa la lugha, lakini kosa la ombi huonekana kuwa kosa la tabia. Mgeni akisikia "I can to cook" anajua kwamba mwenzake anajifunza. Akisikia "Give me your passport" hafikirii sarufi. Hufikiri amekutana na mtu mkali.

Na aliyesema hivyo huenda hakuwa mkali hata chembe. Kichwani alikuwa na unipatie pasipoti yako, na Kiswahili kilikuwa kimeshamtengenezea adabu yote: alisalimu kwanza, akamwita mgeni mama au mzee, akakilainisha kitenzi kwa -e ya mwisho. Tafsiri ilivivua vyote hivyo njiani. Kiingereza hakina -e ya uniletee wala ya unisaidie, na kitenzi kinachoanza sentensi peke yake ni amri, hata kikisemwa kwa tabasamu. Adabu ya Mwingereza imekaa ndani ya umbo la swali. Anapouliza "Can I see your passport?" anamwachia msikilizaji mlango wa kukataa, ingawa wote wawili wanajua kwamba hatakataa. Mswahili anayejifunza Kiingereza, kwa hiyo, hafundishwi adabu. Adabu anayo tangu kwao. Anachojifunza ni mahali pa kuiweka.

Naomba ndiyo neno la kuanzia, maana ndilo analolitumia kutwa. Kamusi humpa "I beg" au "I ask". "I beg water" ni kauli ya mtu aliye taabani, na "I am asking water" haikamiliki. Kinachofaa ni kuigawa naomba kwa kadiri ya kinachoombwa. Kikiombwa kitu, naomba ni "Can I have": naomba chai, "Can I have some tea, please?" Likiombwa tendo la mwingine, ni "Can you": naomba unisubiri, "Can you wait for me, please?" Na mtu akiomba kufanya jambo mwenyewe, ni "Can I" pamoja na kitenzi: naomba kuingia, "Can I come in, please?" Mgawanyo huu ukikaa kichwani, sehemu kubwa ya njia imekwisha. Nataka nayo ina mtego wake. "I want tea" ni sentensi sahihi, lakini husikika kama ya mtoto anayedai; mtu mzima husema "I'd like some tea, please", ambayo inalingana na ningependa. Kwa mwenye duka hali ni hiyo hiyo upande wa pili wa meza: "What do you want?" humkata mteja kama unataka nini inavyomkata Mswahili, na badala yake husemwa "Can I help you?"

"Could" ni ngazi ya juu kidogo ya "can". Wanafunzi wengi huiogopa kwa sababu walifundishwa kwamba ni wakati uliopita, na ombi ni la sasa. Lakini Kiswahili hufanya jambo hilo hilo bila mtu kulishangaa. Anayeingia ofisini kwa unyenyekevu husema nilikuwa naomba nimwone mratibu, ilhali anaomba sasa hivi. Nilikuwa hurudisha ombi nyuma hatua moja ili lisimgonge msikilizaji usoni. "Could" hufanya hivyo. "Could you sign the visitors' book, please?" ni naomba usaini kitabu cha wageni yenye heshima kamili. Kati ya vijana wenzake, au kwa jambo dogo kama kupitishiwa chumvi, "can" inatosha. Kwa mgeni asiyemfahamu, kwa mtu mzima, na kwa jambo lenye usumbufu ndani yake, "could" ni bora, na mwenyeji asiyejua achague ipi atumie hiyo; haimkosei mtu heshima.

Upole huongezeka kadiri jambo linavyozidi kuwa zito. Kumkatisha mgeni anayechuma ua la urujuani hifadhini ni zito. Ua hilo hukua porini katika sehemu chache za Tanzania na Kenya, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, na haliruhusiwi kuchumwa. "Don't pick it!" inaweza kuwa lazima ikiwa mkono umeshafika. Kukiwa na nafasi, husemwa "I'm afraid you can't pick the flowers, but you can take a photo." Maneno "I'm afraid" hapo hayana hofu yoyote, yanafanya kazi ya samahani. Na ile "but you can" ni ustadi ambao kila mwongoza watalii anapaswa kuwa nao: kila "can't" inayokatisha hamu ya mgeni ifuatwe na "can" moja inayompa kitu kingine. Hivyo ndivyo ilivyo pia Usambara Magharibi, Lushoto, mwenyeji anapomwambia mgeni aliyechelewa kwamba hawataliwahi jua la jioni pale Irente: "We can't go today, but we can go early tomorrow."

"Please" ina makao mawili yaliyo salama. Hukaa mwisho wa ombi, "Can I see your receipt, please?", au kabla ya kitenzi, "Could you please stay on the path?" Mwanzoni, mbele ya kitenzi kitupu, "Please stay on the path", haina kosa, na ndivyo mabango yanavyoandikwa, ila mdomoni, mbele ya mtu mmoja, hubaki kuwa amri iliyovikwa kanzu. "Please" haiwezi kuigeuza amri kuwa ombi yenyewe peke yake. Swali ndilo linaloigeuza, "please" ikikamilisha.

Lakini kuna amri ambazo Kiingereza huzipenda, na asiyezijua atajichosha kwa "could you" mahali pasipohitajika. Jambo likiwa kwa faida ya anayeambiwa, kitenzi kitupu ni ukarimu: "Come in", "Have a seat", "Try some of this tea". Karibu ya nyumbani hufasirika vizuri kwa sentensi hizo. Hatari nazo hazina muda wa maswali. Jiwe likiteleza husemwa "Watch your step!", na siafu wakivuka njia, "Stop here!" Kuuliza "Could you stop, please?" mbele ya siafu ni kumchelewesha mtu.

Anayeanza ana maombi yake mwenyewe pia, na haya ayakariri kabla ya yale ya kazini, kwa kuwa ndiyo yatakayomwokoa siku ya kwanza. "Could you speak slowly, please?" "Could you say that again, please?" "Could you write it down, please?" Wengi huona haya kuyasema, huitikia "yes, yes" kwa jambo wasilolielewa, kisha mgeni hungoja gari ambalo hakuna aliyeliita. Kuomba kurudiwa si aibu kwa Mwingereza; huonyesha kwamba mtu anasikiliza. Mgeni mwenyewe akiwa Mjerumani au Mholanzi, Kiingereza ni cha kujifunza kwake pia, na atashukuru mazungumzo yakienda polepole.

Anayeombwa naye ana wajibu wake. "Can you tell me the time?" ina umbo la swali la uwezo, lakini haiulizi uwezo. Anayejibu "Yes, I can" akanyamaza amejibu maneno na kuliacha ombi. Ombi hujibiwa kwa tendo, likitanguliwa na neno fupi: "Sure, it's four o'clock." "Of course", "certainly" na "no problem" hufaa vilevile. Saa yenyewe inahitaji uangalifu, maana saa kumi ya Kiswahili ni "four o'clock" ya mgeni, na adabu yote ya dunia haitasaidia ikiwa mwenyeji na mgeni watafika langoni kwa kupishana saa sita. Kukataa ombi husemwa "I'm sorry, I can't", kukifuatiwa na sababu moja fupi. Kiswahili hulainisha kukataa kwa labda au kwa tutaangalia, na wenyeji wote huelewa kwamba jibu ni hapana. Mgeni akisikia "maybe" huhesabu kwamba nusu ya matumaini ipo, hungoja, na mwishoni huumia zaidi kuliko kama angeambiwa mapema.

Yapo maombi mengine mawili ambayo mwanafunzi atakutana nayo. "May I" ni rasmi zaidi, na wengi huikumbuka kutoka darasani, walipoomba ruhusa ya kutoka nje. Ni sahihi kila mahali, ila kwa mazungumzo ya njiani huwa na ukakamavu fulani. "Would you mind waiting?" ni ya upole sana lakini huuliza kinyume: je, utaudhika ukisubiri? Anayekubali hujibu "No", au "Not at all". Kwa yule ambaye bado anapambana na ndiyo ya maswali ya kukanusha, ni busara kujifunza kuielewa kwanza na kuiacha mdomoni mwa wengine kwa muda.

Kabla ya ombi lolote kuna kuanza mazungumzo. Shikamoo haina mwenzake katika Kiingereza, wala hakuna namna ya kumwita mgeni mama, baba, dada au shemeji bila kumshangaza. "Good morning" hubeba heshima yote inayohitajika, na "sir" au "madam" huongezwa kwa kiasi. Salamu ya Kiingereza ni fupi. Habari za nyumbani, za kazi na za watoto hazifuati. Hata hivyo isiachwe. Mtu anayeanza na ombi bila "Good morning" amepungukiwa mbele ya Mwingereza kama mbele ya Msambaa. Samahani nayo hugawanyika. Kabla ya kumsumbua mtu ni "Excuse me": "Excuse me, could you move your car, please?" Baada ya kumkosea ni "Sorry". Na pole ya kumhurumia aliyejikwaa, ambayo Waafrika Mashariki wengi huisema "sorry", humfanya mgeni ajibu kwamba halikuwa kosa la mwenyeji. Pole ni neno zuri lisilostahili kupotea hivyo; "Are you all right?" huifikisha huruma ilipokusudiwa.

Mazoezi hayahitaji kitabu. Watu wawili wakae jioni, mmoja awe mgeni aliyeshuka garini, mwingine awe langoni, wapite safari nzima kuanzia salamu, kitabu cha wageni, risiti, njia, mbega mtini, chai, hadi kuaga, kisha wabadilishane. Sentensi zisemwe kwa sauti, si kwa kunong'ona, kwa sababu mkazo wa "can" na "cannot" hujifunzwa na sikio. Makosa yasahihishwe baada ya safari kwisha, yasikatize maneno katikati. Mwenye simu ajirekodi na ajisikilize kesho yake.

Safari hiyo ya mazoezi huishia kwenye shukrani, na hapo pana neno moja la kurekebisha. Mgeni akisema "Thank you", Mswahili hujibu karibu, na kwa Kiingereza hutoka "Welcome". Peke yake "Welcome" ni ya kumpokea mtu anayeingia. Jibu la shukrani ni "You're welcome", maneno yote mawili. Na karibu tena, inayosemwa gari likianza kuteremka kuelekea Muheza, ni "Please come again", moja ya zile amri chache ambazo Kiingereza huzisikia kama ukarimu.